Kuhudhuria Kesi ya Jinai kwa Njia ya Video: Haki ya Mshtakiwa na Wajibu Wetu

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya waumini baada ya sala ya Alasiri. Tunaichapa hapa kwa manufaa ya wale ambao hawakupata nafasi ya kuhudhuria.)





Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, Ambaye hakuna jambo la mja lililofichika Kwake. Rehema na amani zimfikie Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.), pamoja na aali zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo ambalo miaka 20 iliyopita lisingepata nafasi ya kutajwa msikitini, nalo ni kuhudhuria kesi ya jinai ukiwa mbali na mahakama, kwa njia ya sauti au video. Huenda mtu akauliza moyoni mwake: jambo hili linatuhusu nini sisi tuliokuja kuswali? Badala ya kumjibu kwa hoja, tutamsimulia yaliyotukuta sisi wenyewe.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu ana kijana aliyeshitakiwa kwa wizi. Kijana huyo alikosa wadhamini, akawekwa mahabusu. Siku kesi yake ilipotajwa, tulifuatana na wazazi wake hadi mahakamani. Tulitegemea kumwona akishuka katika gari la magereza. Badala yake iliwashwa skrini iliyokuwa ukutani, na kijana akaonekana ameketi katika chumba kidogo huko gerezani. Sauti ilikuja ikakatika, ikaja tena ikakatika. Hakimu akamwuliza kama yu tayari kesi ianze kusikilizwa tarehe ijayo, na kama anategemea kuwa na wakili. Kijana akatikisa kichwa. Ikaandikwa kwamba yu tayari na hana wakili, ikapangwa tarehe, skrini ikazimwa. Mama yake alikuwa benchi la nyuma, mahali ambapo kamera haifiki, na kijana hakujua kabisa kwamba wazazi wake walikuwemo.

Siku ya kumtembelea alitueleza kwamba hakusikia hata nusu ya maneno yale. Alitikisa kichwa kwa sababu aliona haya kumwambia hakimu arudie. Wakati huohuo baba yake alikuwa akihangaika kutafuta wakili. Wakili alipopatikana, ilimbidi aanze kazi yake kwa kuiomba mahakama isogeze mbele tarehe ile, na tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwamba mahakama ilikubali.

Ndugu zetu, hatusemi kwamba hakimu yule alikusudia dhulma. Yeye aliona kichwa kimetikiswa, akaandika alichokiona. Kosa letu lilikuwa kutojua. Kijana hakujua kwamba alikuwa na haki ya kusema, "Mheshimiwa, sisikii." Na sisi tuliokuwa ukumbini tulisikia sauti ikikatika, tukanyamaza kama watu walioko kwenye mazishi, hali tungeweza kumwarifu karani kwa adabu kwamba mahabusu hasikii. Ndiyo maana leo tunalizungumza jambo hili, ili lisimkute mwingine.

MSINGI: KUWEPO NI HAKI YA MSHTAKIWA

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba sheria haianzii kwenye skrini. Inaanzia kwenye mwili wa mtu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika Ibara ya 50, imempa kila mshtakiwa haki ya kuwepo wakati anaposhitakiwa, isipokuwa mwenendo wake mwenyewe ukifanya kesi isiweze kuendelea. Ibara hiyohiyo inampa haki ya kesi ya wazi, haki ya kuwa na wakili, haki ya kupinga ushahidi unaotolewa dhidi yake, na haki ya kupata mkalimani bila malipo ikiwa haelewi lugha inayotumika. Kwa upande wa Tanzania, Katiba katika Ibara ya 13 inalinda haki ya mtu kusikilizwa kwa ukamilifu, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai imeweka kanuni kwamba ushahidi huchukuliwa mbele ya mshtakiwa, isipokuwa pale mahakama ilipomruhusu asiwepo.

Kwa nini sheria imejali hivyo kuwepo kwa mtu? Kwa sababu kuwepo kuna faida zake, na kila faida ni ngao. Mshtakiwa aliyepo anasikia neno la shahidi lilivyotoka, wala hasimuliwi baadaye. Anaweza kumnong'oneza wakili wake, "Huyu anasema uongo, siku hiyo mimi nilikuwa safarini," na wakili akauliza swali palepale. Shahidi anamtazama yule anayemtuhumu, na si kila ulimi unaoweza kusema uongo mbele ya macho ya anayedhulumiwa. Hakimu naye anamwona mtu mzima, kuanzia kichwani hadi miguuni, anaona kama ni mgonjwa, kama ana alama za kupigwa, kama anaelewa au anaitikia tu. Na watu waliokaa ukumbini ni mashahidi wa jinsi haki inavyotendeka.

Haya si mageni kwa Mwislamu. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayidna Ali (r.a.) kwenda Yemen kuwa kadhi, alimuusia kwamba wakikaa mbele yake watu wawili wenye kesi, asimhukumie wa kwanza mpaka amsikilize na wa pili. Na Sayidna Umar (r.a.), katika barua yake mashuhuri kwa Abu Musa al-Ash'ari, alimwelekeza awasawazishe wenye kesi katika kuwatazama na katika kuwaketisha, ili mwenye nguvu asitumaini upendeleo, wala mnyonge asikate tamaa ya kupata uadilifu. Tazameni, ndugu zetu: hata namna hakimu anavyomtazama mtu imehesabiwa kuwa ni sehemu ya hukumu.

LILILOAMULIWA ARUSHA MWAKA 2006

Suala hili limewahi kuamuliwa katika mahakama iliyokuwa hapa hapa Afrika Mashariki. Pale Arusha ilikuwepo Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa ajili ya Rwanda, iliyoundwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1994 na kufungwa mwishoni mwa mwaka 2015. Miongoni mwa walioshitakiwa humo alikuwa Protais Zigiranyirazo, shemeji wa Rais Habyarimana, akikabiliwa na mashtaka makubwa mno, yakiwemo ya mauaji ya kimbari.

Shahidi mmoja muhimu wa upande wa mashtaka, Michel Bagaragaza, alikuwa akishikiliwa The Hague, Uholanzi, kwa sababu za usalama wake. Majaji wakaamua kusafiri wao hadi The Hague kumsikiliza. Mshtakiwa akabaki Arusha, akifuatilia ushahidi kwa njia ya video. Kwa hiyo jaji yuko chumba kimoja na shahidi, naye anayeshitakiwa yuko bara jingine akitazama skrini. Mawakili wake wakakata rufaa. Tarehe 30 Oktoba 2006 Mahakama ya Rufani ikaamua kwamba haki ya kuwepo katika kesi maana yake ni kuwepo kwa mwili, na kwamba video haikuitimiza haki hiyo. Haki hiyo yaweza kupunguzwa kwa sababu nzito, lakini si zaidi ya inavyolazimu, na hapo majaji hawakuwa wamezitafuta vya kutosha njia nyingine. Ushahidi uliochukuliwa kwa namna ile ukatupwa nje.

Tunaomba tuelewane vizuri. Mtu huyo alituhumiwa kwa mambo ambayo moyo unatetemeka kuyasikia. Lakini mahakama haikusema kwamba kwa kuwa tuhuma ni nzito, haki yake ni nyepesi. Baadaye alihukumiwa kifungo mwaka 2008, kisha mwaka 2009 akaachiwa huru katika rufaa. Qur'ani Tukufu inatufundisha katika Sura Al-Maidah, aya ya 8, kwamba kuwachukia watu kusitupelekee kuacha kuwafanyia uadilifu. Mizani ya haki hupimwa kwa yule tusiyempenda.

RUHUSA ILIPO NA MIPAKA YAKE

Baada ya kusema hayo, lingekuwa kosa kuidharau njia hii au kudhani kwamba ni hila ya kumnyima mtu haki. Ina manufaa makubwa. Mahabusu hasafirishwi umbali mrefu akiwa amebanwa ndani ya gari ili akaambiwe tu kwamba kesi imeahirishwa. Daktari mtaalamu anaweza kutoa ushahidi akiwa hospitali yake bila kuacha wagonjwa. Mtoto aliyenajisiwa anaepushwa kukaa hatua chache na aliyemnajisi. Shahidi anayetishiwa maisha anaweza kusema kweli akiwa mahali pa salama.

Maulamaa wetu wa fikihi nao walikabiliana na suala linalofanana na hili karne nyingi kabla ya umeme kujulikana. Shahidi akiwa mji mwingine, kadhi wa huko aliweza kumsikiliza, kisha akamwandikia barua kadhi mwenye kesi. Waliikubali barua ya kadhi kwa kadhi kwa sababu ya haja ya watu, lakini hawakuikubali ovyo. Waliweka masharti ya kuithibitisha barua yenyewe, na wakatofautiana juu ya kesi za jinai. Wanavyuoni wa madhehebu ya Hanafi hawakuiruhusu katika hudud na kisasi, kwa kuwa ndani yake mna shaka, na adhabu kubwa huepukwa penye shaka. Imamu Malik aliikubali katika kesi zote. Hivyo ruhusa ipo, lakini kadiri adhabu inavyokuwa nzito ndivyo tahadhari inavyozidi.

Njia hiyohiyo ndiyo iliyofuatwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya The Hague. Mkataba wake unasema katika Ibara ya 63 kwamba mshtakiwa atakuwepo wakati wa kesi. Kwa mashahidi, kanuni zake zinaruhusu ushahidi kutolewa kwa njia ya sauti au video, kwa sharti kwamba shahidi aweze kuulizwa maswali na upande wa mashtaka, na utetezi, na majaji wenyewe, wakati uleule anapotoa ushahidi. Tena mahali alipo pawe panafaa kusema kweli kwa uwazi, na pawe na usalama na heshima yake. Katika kesi ya Bwana William Ruto na mwandishi wa habari Joshua Sang, mahakama hiyo iliagiza mwaka 2014 kwamba mashahidi 8 waliokuwa Kenya waitwe watoe ushahidi kwa njia ya video au katika kikao kitakachofanyika Kenya kwenyewe.

Kwa mshtakiwa mlango ni mwembamba zaidi. Bwana Ruto alikuwa Naibu wa Rais wakati kesi yake ilipoanza Septemba 2013, na likazuka suala la kiongozi kuwa kizimbani Ulaya hali ana majukumu nyumbani. Novemba mwaka huo nchi wanachama ziliongeza kanuni inayomruhusu mshtakiwa aliyeitwa kwa hati ya wito kuomba kwa maandishi ahudhurie baadhi ya sehemu za kesi kwa njia ya video, na majaji waamue kila ombi kwa kuangalia jambo litakalosikilizwa siku hiyo. Angalieni mambo mawili: anayeomba ni mshtakiwa mwenyewe, na anachoomba ni sehemu tu ya kesi.

TANGU MWAKA 2020

Lililokuwa la nadra likawa la kila siku ulipofika ugonjwa wa korona. Machi 2020 mahakama za Kenya zilipunguza shughuli zake, na kesi nyingi zikahamia kwenye mtandao. Nchi nyingine zikafanya hivyohivyo, na baadhi zikavuka mpaka ambao wengi hawakutegemea. Mwezi Mei mwaka huo, huko Lagos, Nigeria, mtu alihukumiwa kunyongwa katika kikao kilichofanyika kwa Zoom. Siku chache baadaye Singapore nayo ikafanya hivyo. Hatuhukumu kama watu hao walikuwa na hatia au la. Tunasema tu kwamba saa ambayo mtu anaambiwa atauawa ni saa ambayo uso wa binadamu unapaswa kuwa mbele ya uso wa binadamu.

Kwa Tanzania Bara, mwaka 2021 zilitungwa Kanuni za uendeshaji wa mashauri kwa njia ya mtandao na kurekodi kwa njia ya kielektroniki, zilizotangazwa kwa Tangazo la Serikali Na. 637. Uganda ilikwishakuwa na kanuni zake za mawasiliano ya sauti na picha tangu mwaka 2016. Basi asidhani mtu kwamba skrini iliyoko mahakamani haina sheria. Ina sheria, na mwenye kesi ana haki ya kuuliza sheria hiyo inasemaje.

Mwaka 2025 jambo hili lilisikika nchi nzima. Katika kesi ya uhaini iliyokuwa Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, ilipangwa kwamba mshtakiwa, Bwana Tundu Lissu, ahudhurie kwa njia ya video akiwa gerezani. Mwezi Aprili alikataa kushiriki kwa namna hiyo, akitaka afikishwe mahakamani mwenyewe. Shauri likaahirishwa, na tarehe 19 Mei akafikishwa ana kwa ana. Sisi hatuingii katika siasa za shauri hilo, na jukwaa hili si mahali pake. Tunachokichukua ni funzo moja: mshtakiwa alijua la kusema, na mawakili wake walijua la kuomba. Je, yule kijana wetu wa wizi, asiye na jina wala wakili, angelijua?

MAMBO MATANO YA KUANGALIA

Tukikusanya yote tuliyoyataja, tunaona kwamba video inaweza kukubalika pale inapohifadhi zile faida za kuwepo, na inakuwa dhulma pale inapozipoteza. Yafuatayo ni mambo matano ambayo kila mwenye kesi, na kila mwenye ndugu mwenye kesi, ayaangalie.

Kwanza ni ridhaa. Mtu aulizwe, na aulizwe kwa lugha anayoielewa, kama anakubali kuhudhuria kwa njia hii, naye ajue kwamba anaweza kueleza pingamizi lake. Uzito wa kikao nao uangaliwe. Kutajwa kwa kesi na kupangiwa tarehe si sawa na kusikiliza mashahidi, wala si sawa na kusoma hukumu. Kanada, ambayo sheria yake iliyoanza kutumika Januari 2023 imefafanua sana jambo hili, inataka ridhaa ya mshtakiwa na ya upande wa mashtaka kabla kesi yenyewe haijasikilizwa kwa video. Na panapokuwepo baraza la wazee wa mahakama, mshtakiwa hahudhurii kwa video wakati wanaposikiliza ushahidi wa mashahidi.

Pili ni sauti na picha. Asikie na asikike, aone na aonekane. Sauti peke yake ni pungufu zaidi, kwa kuwa hakimu hamwoni anayejibu wala hajui ni nani aliyesimama nyuma yake akimwashiria. Ndiyo maana sheria hiyohiyo ya Kanada inaruhusu mtu kujibu shtaka kwa sauti tu pale video inapokosekana, na mahakama iridhike kwamba kweli anaelewa anachokikiri. Hata picha nayo haitoshelezi kila mara. Huko Chicago, Marekani, mwaka 1999 walianza kusikiliza maombi ya dhamana kwa televisheni kwa makosa mengi. Watafiti walipochunguza baadaye, walikuta kwamba kiasi cha dhamana kwa makosa hayo kilipanda kwa wastani wa asilimia 51, na kwa makosa ambayo watuhumiwa waliendelea kuletwa wenyewe mbele ya jaji hakikupanda hivyo. Utaratibu huo ulikomeshwa mwaka 2008. Mtu akiwa picha ndogo ukutani, ni rahisi zaidi kumtoza kingi.

Tatu ni faragha na wakili. Hili ndilo linalosahauliwa kuliko yote. Wakili akiwa mahakamani na mteja wake akiwa gerezani, watanong'onezana vipi? Wakizungumza kwa chombo kilekile, mwendesha mashtaka anasikia, na askari aliyesimama mlangoni anasikia. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua mwaka 2006, katika kesi ya Marcello Viola dhidi ya Italia, kwamba video kwa yenyewe haivunji haki. Lakini mwaka 2010, katika kesi ya Sakhnovskiy dhidi ya Urusi, iliona haki imevunjwa. Mtu huyo alikuwa Novosibirsk, zaidi ya kilometa 3,000 kutoka Moscow ilikokuwa mahakama, akapewa wakili mpya ambaye hajapata kumwona, na dakika 15 tu za kuzungumza naye kwa video kabla ya kikao. Mtu atamwamini vipi wakili wa dakika 15, tena kwa chombo asichojua ni nani anayekisikiliza?

Nne ni uwazi. Kesi ya jinai ni ya wazi isipokuwa pale sheria inapoifunga, kwa mfano ili kumlinda mtoto. Ikiwa kesi imehamia kwenye mtandao, ndugu na umma wawe na njia ya kuifuatilia, na mshtakiwa apate kujua ni nani waliomo ukumbini.

Tano ni kumbukumbu. Mawasiliano yakikatika, iandikwe kwamba yalikatika, na yaliyopotea yarudiwe. Kisichoandikwa leo ni vigumu kukidai kwenye rufaa kesho.

WAJIBU WETU

Sasa tuje kwenye sehemu yetu wenyewe.

Wewe uliye mshtakiwa, au utakayemtembelea ndugu yako gerezani: mfundishe maneno machache. Aseme, "Mheshimiwa, sisikii." Aseme, "Naomba lirudiwe." Aseme, "Naomba kuzungumza na wakili wangu kwa faragha." Aseme, "Naomba niletwe mahakamani siku ya mashahidi." Hakuna utovu wa adabu katika maneno hayo. Na ajibu kwa mdomo wake. Asitikise kichwa, kwa maana kichwa kinachotikiswa hakifafanui kilikubali nini.

Wewe unayeitwa kutoa ushahidi kwa njia ya video: usidhani kwamba kiapo mbele ya kamera ni chepesi. Adhabu ya kusema uongo baada ya kiapo ipo katika sheria za nchi, na mbele ya Mwenyezi Mungu hakuna umbali. Qur'ani inawakataza mashahidi kukataa wanapoitwa, na inatuambia kwamba mwenye kuficha ushahidi moyo wake una dhambi. Kaa peke yako chumbani. Asiwepo mtu wa kukupachikia maneno, usiwe na karatasi ya kusoma kwa siri, wala simu ya pili mkononi. Vaa kama anayekwenda mahakamani, kwa kuwa ndiko uliko.

Wewe unayefuatilia kesi ya ndugu yako: zima kipaza sauti chako, usiingilie, na usirekodi wala kusambaza picha au sauti za kikao bila idhini ya mahakama. Unaweza kumponza shahidi, na unaweza kujiponza mwenyewe. Ukiona mawasiliano yamekatika, mwarifu wakili au karani kwa utulivu.

Na sisi sote kama jumuiya: mwenye kesi asiachwe peke yake. Kwa kawaida mtu akishitakiwa tunajitenga naye, kana kwamba tuhuma ni hukumu, hali sheria yenyewe inamhesabu kuwa hana hatia mpaka ithibitike. Tuchague watu wawili watatu miongoni mwetu watakaofuatana na familia mahakamani. Wasio na uwezo wa wakili tuwasaidie kuwafikia watoa msaada wa kisheria, ambao Tanzania wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 na Kenya na sheria yake ya mwaka 2016. Na haya tunayoyasema leo hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria; kila kesi ina mazingira yake.

Yule kijana tuliyemtaja mwanzoni, kesi yake bado inaendelea. Siku mashahidi walipoanza kusikilizwa, wakili wake aliomba aletwe mahakamani, na akaletwa. Mama yake alikaa benchi la mbele. Hatujui kesi hiyo itaishaje, na aliyekosa atabeba kosa lake. Tunachojua ni kwamba safari hii hakimu alipomwuliza swali, alijibu kwa sauti, na kila aliyekuwemo alimsikia.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awape mahakimu na majaji wetu hekima na hofu Yake, awafariji walioko mahabusu, awape wanaodhulumiwa haki yao na wanaodhulumu toba, na atujaalie sisi tuwe wenye kusimamia uadilifu hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, na wazazi wetu, na jamaa zetu. Amin.

Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.